Gari la Baba wa Fundi

Majirani zangu wa Somerton hapa Arizona, na ninyi mlioko mbali mnaopiga simu kila Jumapili mkadhani mmemaliza kazi, naomba mnipe sikio. Mimi ni Delfina Urquidez, fundi wa viyoyozi vya magari, na gereji yangu iko mkabala na nyumba aliyokuwa akiishi Mzee Evaristo Robles. Sikusomea kuandika. Lakini mengi ya haya niliyaona kwa macho yangu, na yaliyobaki nilisimuliwa na mwanawe, ambaye ndiye aliyenitaka niyaseme hadharani bila kulificha jina lake.

Kila Jumapili asubuhi, jua likiwa bado la kuvumilika, Mzee Evaristo aliosha pikapu yake. Ilikuwa pikapu nyeupe, ya zamani, waliyoinunua yeye na marehemu mkewe Chayo mwaka aliopandishwa cheo kuwa msimamizi wa wavunaji wa saladi. Alivuta mpira wa maji, akachanganya sabuni kwenye ndoo, akapitisha kitambaa kwenye bati polepole huku akipiga mluzi. Akimaliza alivaa shati lililopigwa pasi, akaenda kanisani, kisha makaburini kwa Chayo.

Siku za kazi alikuwa na safari nyingine. Saa nne asubuhi aliondoka kwenda mjini Yuma, kwenye kituo cha wazee, kula chakula cha mchana na kucheza domino na wazee watatu aliokuwa akiwatukana kwa mapenzi. Akipita mbele ya gereji alipiga honi na kunipigia kelele dirishani.

“Fina! Nakwenda kuwanyoa wale wazembe!”

“Jana walikunyoa wewe, Mzee!”

“Jana niliwahurumia!”

Basi hayo ndiyo yalikuwa maisha yake, na hakuomba zaidi ya hapo.

Mnaujua mtaa wetu ulivyo. Mavuno ya saladi yakiisha mwezi wa nne, wavunaji wanayafuata kaskazini hadi Salinas na hawarudi mpaka mwezi wa kumi na moja. Wale wazee wanaokuja kuikimbia theluji nao wanavuta nyumba zao za magurudumu kurudi kwao. Ikifika mwezi wa sita, mtaa wetu ulikuwa na mimi, Mzee Evaristo, na mbwa watatu wasio na mwenyewe. Joto letu la wakati huo sina haja ya kulieleza. Ukishika kifungo cha mkanda wa gari kilichopigwa na jua, unabaki na alama.

Jumatatu moja ya mwezi huo wa sita nilimwona mzee anarudi kabla ya saa sita, shati limemgandia mwilini. Alishuka mbele ya gereji yangu akipepea kofia.

“Fina, hiki kiyoyozi kinanipulizia pumzi ya ng’ombe!”

Nilicheka, nikafuta mikono, nikaenda kufungua boneti. Mzee akaweka kiganja chake juu ya boneti.

“Hapana, binti yangu. Mwanangu ni fundi.”

Hapo ndipo penye kisa chote, kwa hiyo nisipite haraka. Mwanawe Hilario, mtoto wake wa pekee, alishika spana yake ya kwanza katika gereji hii hii, enzi za marehemu baba yangu. Sasa alikuwa fundi mkuu wa viyoyozi katika gereji kubwa ya Phoenix, mwendo wa saa tatu kutoka kwetu. Na sisi mafundi tuna adabu yetu: gari la baba wa fundi haliguswi na fundi mwingine. Ukiligusa, ni kama umemwambia mwenzako mbele ya watu kwamba amemtupa mzazi wake. Na mzee akilipeleka kwingine, amemvua mwanawe nguo.

“Watasema nini?” aliniambia. “Watasema Hilario anawapoza watu wa Phoenix, baba yake anapozwa na jirani.”

Nikaufunga mdomo. Adabu ni kitu kizuri, lakini siku ile ilikuwa ujinga uliovaa nguo za adabu, nami nilizivaa pamoja naye.

Jioni ile alimpigia Hilario, simu akaiweka kwenye spika kwa sababu masikio nayo yalikuwa yameanza kumsaliti. Nilikuwa naegesha gari la mteja kando ya uzio, nikasikia kila neno.

“Baba, fungua boneti. Washa gari. Baridi weka mwisho, feni mwisho. Umeiona kompresa, ile pampu ya gesi? Uso wake wa mbele unazunguka au umesimama?”

“Unazunguka.”

“Vizuri. Ukiwa unatembea barabarani inapoa?”

“Barabarani inajitahidi kidogo. Nikisimama kwenye taa, moto mtupu.”

Ndugu msomaji, nilisimama pale pale. Jibu lile linatosha. Kiyoyozi kikipoa gari likiwa linatembea na kikakataa gari likisimama, fundi haanzi na gesi. Anainama mbele ya gari kuangalia kama hewa inapita. Hilario alilijua hilo kuliko mimi. Lakini nyuma yake nilisikia mtu anamwita, na mashine zinanguruma, na nadhani sikio lake moja lilikuwa kwa baba na jingine kwa bosi.

“Gesi imepungua, Baba. Nakutumia kopo lenye kipimo chake. Ni rahisi, utajaza mwenyewe.”

“Na wewe utakuja lini?”

“Jumamosi, Baba. Jumamosi hii nikipata nafasi.”

Jumamosi ile hakuja. Kopo ndilo lililokuja. Mzee alilifungua kwa furaha kama zawadi ya sikukuu, akaniita nishuhudie jinsi mwanawe alivyomtumia kifaa cha kisasa. Akaunganisha mpira wake, Hilario akiwa hewani anamwelekeza.

“Usibonyeze kwanza. Soma mshale unasemaje.”

Mzee alikisogeza kipimo puani, akakisogeza mbali, akakirudisha puani.

“Thelathini na nane,” akasema kwa sauti ya uhakika.

Nilikuwa nimesimama begani kwake. Mshale ulikuwa umevuka rangi ya kijani na ya njano, umeingia kwenye nyekundu kabisa.

“Safi sana,” Hilario akajibu. “Bado ina nafasi. Ongeza.”

Mzee akaongeza. Simu ilipokatika nilimshika mkono.

“Mzee, mshale ulikuwa kwenye nyekundu.”

Akaanza kuuzungusha ule mpira mkononi.

“Mzee Evaristo. Unauona huu mshale?”

“Naona kitu cheupe,” akasema mwishowe. “Kitu cheupe chenye ukungu. Mtoto wa jicho, Fina. Yote mawili.”

“Tangu lini?”

“Tangu kabla Chayo hajafa. Daktari anasema upasuaji ni kazi ya nusu saa. Lakini wanataka niende na mtu wa kunirudisha nyumbani na kulala na mimi usiku wa kwanza. Mtu gani? Namngoja Hilario apate nafasi.”

“Nitakupeleka mimi.”

“Nina mtoto, Fina.” Akanishika kifundo cha mkono, na kwa mzee wa miaka sabini na minane mshiko ulikuwa na nguvu. “Usimwambie. Akijua, ataita watu wachukue leseni yangu. Wakichukua leseni, nitabaki mle ndani na zile kuta. Niahidi.”

Niliahidi. Nilikuwa na mtu asiyeona vizuri anayeendesha gari kwenye barabara wanazopita watoto wa watu, na bado niliahidi, kwa sababu nilimwonea huruma. Huruma yangu ilikuwa ya kijinga na sitaki mtu yeyote anitetee.

Likaja kopo la pili. Likaja la tatu. Kila mara simu, kila mara “soma mshale,” na kila mara mzee alitunga tarakimu nzuri ya kumfurahisha mwanawe. Thelathini na sita. Arobaini. Alikuwa amejifunza ni namba zipi zinamfanya Hilario aseme “safi sana.” Gesi ikazidi mpaka ikawa inaisonga kompresa, nayo ikawa inajizima yenyewe ili isipasuke. Kufikia kopo la nne, hata barabarani hakukuwa tena na ubaridi. Ilitoka hewa ya moto mwanzo hadi mwisho.

Mzee akaacha kwenda Yuma. Alijaribu mara mbili na madirisha wazi, mara ya pili akafika kwenye kituo amelowa na anatetemeka, wale wenzake wakamlaza kwenye kiti na kumwekea barafu shingoni. Baada ya hapo wale wazee walimpigia simu siku tatu nne, wakimtania kwamba amekimbia kipigo. Kisha wakapata mtu mwingine wa nne, maana domino haingoji. Kanisani akawa hafiki, makaburini hafiki. Na Jumapili asubuhi, kwa mazoea, bado aliosha ile pikapu isiyompeleka popote.

Nataka muone upweke ulivyo, kwa sababu wengi mnadhani ni maneno ya kwenye redio. Kijana anayeleta mizigo alipoleta kopo la nne, mzee alimwekea kiti na glasi ya maji, akaanza kumsimulia msimu wa saladi wa mwaka wa mafuriko. Kijana wa watu alikuwa na nyumba arobaini mbele yake. Alisikiliza kwa adabu huku anarudi kinyumenyume hadi kwenye gari. Mzee alibaki anaendelea kusimulia kidogo, mpaka alipogundua hakuna mtu.

Siku nyingine aliipigia gereji yangu simu kuuliza saa. Kutoka dirishani kwake angeweza kuniita tu, maana nilikuwa nimesimama nje, na saa ya ukutani kwake ilikuwa inapiga kengele. Nilimwambia ni saa kumi. Akasema ahsante, hakukata, nami sikukata, tukasikilizana tunavyopumua.

Nilivuka nikampelekea matunda. Nilimkuta mezani, mapazia yamefungwa, vipande vya domino vimepangwa pande mbili.

“Unacheza na nani?”

“Mkono wa kulia na wa kushoto.”

“Nani anashinda?”

“Kushoto. Huyu wa kulia ni mzembe kama baba yake.”

Tulicheka. Nilipofika kwangu nililia, nasema kweli, nililia nimekaa juu ya tairi.

Kesho yake nilimpigia Hilario.

“Hilario, njoo umwone baba yako.”

“Ana nini, Dada Fina? Anaumwa?”

“Haumwi. Njoo tu.”

“Dada, unaijua kazi hii. Ni mwezi wa saba, magari yamepanga foleni hadi barabarani. Watoto wenyewe nawaona wamelala. Makopo manne nimemtumia! Jana kaniambia mshale uko arobaini, sasa kwa nini isipoe? Hiyo gari labda ife tu nimnunulie nyingine.”

Ulimi uliniwasha kumwambia habari ya macho. Nikaikumbuka ahadi.

“Basi niruhusu niliangalie mimi.”

Sauti yake ikawa ndogo.

“Usiliguse, Fina. Nakuomba. Mtaa mzima watajua. Jumamosi ijayo nakuja na mke wangu na watoto, nakuapia.”

Siwezi kusema Hilario alikuwa mtu mbaya. Mtu mbaya ningemtukana hapa na kumaliza. Alikuwa mtoto anayempenda baba yake kwa simu, kwa kopo, na kwa Jumamosi ijayo.

Jumamosi hiyo mzee aliamka alfajiri. Alikaanga nyama kavu na mayai, akapika maharage, akatandika kitanda cha wajukuu kwa shuka alizofua mwenyewe. Akavaa shati la kanisani, akakaa kibarazani anaitazama barabara ambayo, nilijua mimi peke yangu, hakuweza kuiona vizuri. Kila gari lililopita alisimama. Yalipita matatu.

Saa sita simu ikalia. Hilario alisema gari la wagonjwa limeletwa ghafla, kiyoyozi kimekufa, haiwezekani kumbeba mgonjwa ndani ya tanuri. Ilikuwa kweli, nilikuja kuhakikisha baadaye.

“Sawa, mwanangu,” mzee akasema. “Mgonjwa kwanza.”

Akanivukia na sufuria nzima. Aliiweka juu ya meza yangu ya spana.

“Kula, Fina. Mimi nimeshiba.”

Hakuwa amekula kitu. Alikaa akinitazama ninavyotafuna, kisha akauliza, si kwa hasira, kama mtu anayeuliza njia: “Hao wateja wake wanafanyaje mpaka anawaona?”

Nami, mwenye mdomo unaotangulia akili, nikajibu kwa utani, “Wanapiga simu, Mzee, wanachukua miadi!”

Akacheka sana. Mimi pia nilicheka.

Jumatatu alipiga simu Phoenix. Hakumpigia Hilario. Alipiga kwenye gereji, kwa msichana wa mapokezi aliyekuwa mgeni kazini, akaomba nafasi kama mtu yeyote. Jina? Robles. Gari? Pikapu. Tatizo? Haipoi. Alipewa Alhamisi, saa nane mchana. Akaomba jambo moja tu, kwamba ahudumiwe na fundi mkuu. Msichana akasema bila shaka.

Alhamisi hiyo mimi niliondoka mapema kwenda shamba moja la upande wa Wellton kutengeneza viyoyozi vya matrekta. Niliporudi alasiri nikaona pikapu ya mzee haipo. Niliruka kwa furaha. Nikasema, Mungu mkubwa, amekwenda kuwanyoa wale wazembe.

Kumbe saa tatu asubuhi alikuwa ameingia barabara kuu ya kwenda Phoenix. Barabara hiyo aliijua kwa miaka arobaini, na mchana, akienda taratibu kwenye njia ya kulia, aliweza kuifuata mistari. Alichukua chupa mbili za maji na mfuko wa nyama kavu kwa ajili ya wajukuu. Madirisha yote yalikuwa wazi. Siku hiyo hewa ya jangwa la upande wa Dateland ilikuwa ya moto kuliko mwili wa mtu, na hewa ya namna hiyo haikupozi hata ikikupuliza kwa nguvu namna gani. Inakukausha tu.

Huko Phoenix, haya aliniambia Hilario mwenyewe, saa nane kasoro alichukua karatasi ya kazi inayofuata. Ilisomeka: Robles, pikapu, haipoi, anamtaka fundi mkuu. Akamwonyesha mwenzake.

“Nina mteja wa jina langu. Leo namhudumia ndugu.”

“Usimpunguzie bei!” mwenzake akamtania.

Robles wako wengi Arizona. Hilario akaandaa vipimo vyake, akangoja. Saa nane ikapita. Nane na robo. Nane na nusu akachukua kalamu.

“Huyu jamaa kanikimbia,” alisema, akaichora mstari ile karatasi, akaita gari lililofuata.

Saa tisa na dakika kadhaa, yule msichana wa mapokezi alikuja kwenye sehemu ya mafundi. Alikuwa ameshika simu imefunikwa kwa mkono.

“Kuna askari wa barabarani kwenye simu. Anauliza habari za yule mteja wa saa nane. Wamemkuta na karatasi mfukoni yenye anwani yetu. Anasema gari liliegeshwa vizuri kando ya barabara, taa za dharura zinawaka. Dereva wa lori alisimama kumsaidia, lakini...” Msichana akaitazama karatasi aliyoandika. “Anauliza kama tunamfahamu mtu wa karibu wa Evaristo Robles.”

Hilario aliniambia kwamba hakuanguka wala hakupiga kelele. Aliipokea simu kutoka kwa yule msichana akasema, “Ni mimi. Mimi ni fundi wake.” Hata neno baba halikumtoka, aliniambia. Alisema fundi.

Tulimzika Mzee Evaristo kando ya Chayo. Majirani walioko Salinas walituma maua, kwa sababu msimu hauruhusu kurudi. Wale wazee watatu wa domino waliletwa na basi dogo la kituo, wakakaa safu moja, na hakuna aliyemtania mwenzake.

Siku ya pili pikapu ililetwa kwa gari la kuvuta. Hilario aliiomba iingizwe kwenye gereji yangu. Akafungua boneti mwenyewe. Akaunganisha vipimo, akatazama, akanigeukia.

“Imejaa kupita kiasi. Mara mbili ya inavyotakiwa. Lakini alikuwa ananisomea arobaini.”

Ndipo nikamwambia habari za macho. Nilimwambia zote, pamoja na ahadi yangu, pamoja na ule utani wangu wa miadi. Alisikiliza ameshika ukingo wa gari. Nilitaka anitukane. Hakunitukana.

Akazunguka mbele ya gari, akapiga magoti, akachungulia kwenye wavu. Mnaujua ule wavu wa mabomba membamba ulio mbele kabisa, unaotoa joto la gesi nje. Ulikuwa umezibwa na vumbi la mashamba na majani makavu, yamegandana kuwa zulia moja. Mzee aliosha bati kila Jumapili kwa kupapasa kwa mikono, na mikono yake haikufika huko ndani. Hilario alinyofoa pande moja la uchafu ule kwa vidole.

“Maji,” akasema. “Ilikuwa inataka maji tu. Dakika kumi, Fina. Ningeinama mara moja tu ningeona.”

Akavuta mpira wa maji, akauosha ule wavu. Akatoa gesi iliyozidi, akawasha gari. Ile kompresa iliguna kidogo, ikashika. Baada ya muda hewa ikaanza kutoka ya baridi kabisa, baridi ya kuuma meno, na Hilario akaingia akakaa kwenye kiti cha baba yake, akafunga mlango, akabaki humo peke yake. Sikumfuata. Nilimwacha alie.

FUNDISHO

Wapo watakaosema hadithi hii ni ya gari, wakaenda kuangalia magari yao. Waangalie, si vibaya. Lakini mimi nimeisema kwa ajili ya wazazi walioachwa wapweke na watoto wanaowapenda. Zingatieni hapo: wanaowapenda. Mtoto asiyempenda mzazi wake hahitaji hadithi, anahitaji Mungu. Ninaowasema ni ninyi mnaotuma. Mnatuma dawa, mnatuma vifurushi, mnatuma maelekezo kwa simu, na kila mnachotuma mnakitaka kifanye kazi ya miguu yenu. Hakiwezi. Mtu akiwa mbali anatibu kile anachoambiwa, na mzee mpweke atakuambia kile unachopenda kusikia, kwa sababu anaogopa kwamba akikuchosha hutapiga tena.

Na sisi majirani tusinawe mikono. Mimi nilikuwa na spana, nilikuwa na ujuzi, nilikuwa na namba ya simu ya mtoto, na upana wa barabara ni hatua ishirini. Nikachagua adabu, nikachagua kutunza siri. Siri inayoweza kumuua mtu si ya kutunzwa. Heri angenichukia akiwa hai, leseni imechukuliwa, ananitukana kutoka dirishani.

Tangu siku hiyo nimeivunja ile desturi yetu mafundi. Gari la mzee likiingia kwangu nafungua boneti kwanza, ndipo nauliza mwanawe ni nani.

Basi wewe mwenye mama au baba aliyebaki peke yake mahali, usimuulize kama yuko salama. Atakuambia yuko salama. Nenda uangalie mwenyewe.